Presha na sukari ukiwa kwenye ARV: kliniki mbili, kliniki yako ya zamani, au kliniki ya wote?

Swali ninaloulizwa sana siku hizi na watu waliokaa kwenye ARV muda mrefu hata halihusu virusi. Virusi vilishashuka zamani, kipimo kinasoma havionekani, mtu ana miaka kumi na kitu kwenye dawa, anafanya kazi zake, analea wanawe, alafu siku moja anapimwa presha anakuta 160 kwa 100 au sukari imepanda, na hapo ndo anachanganyikiwa, sasa hii naitibia wapi? Nibaki hapahapa kwenye kliniki yangu wanaponijua, niende kliniki ya presha na sukari jengo la pili, au nihamie kwenye hizi kliniki zinazowaweka wagonjwa wote wa muda mrefu pamoja, mwenye VVU na asiye navyo, foleni moja?

Mi ni nesi, nimefanya kazi kwenye mipangilio yote mitatu, kwa hiyo nitailinganisha kwa niliyoyaona na kwa yale ambayo kitaalamu yanajulikana. Msimamo wangu nauweka mapema ili usijisumbue kuutafuta: usichague kwa jina la kliniki, nenda kaangalie dirisha la dawa. Kama kidonge cha presha hakitoki dirisha lile lile, siku ile ile, kwa miezi ile ile unayopewa ARV, basi hapo hawajakuunganishia huduma yoyote, wamekupima tu.

Na kupima tu kunaua. Kuna faili moja siwezi kulisahau, la baba mmoja wa miaka hamsini na kitu. Ziara ya kwanza presha imeandikwa 158/96. Iliyofuata 164/98. Iliyofuata tena 162/100. Zote tatu zimeandikwa vizuri kabisa kwa kalamu, chini yake "aendelee na ARV", na sahihi. Hakuna aliyemwanzishia dawa, maana kliniki ilikuwa na mashine lakini kabatini hakuna kidonge hata kimoja cha presha, akaandikiwa karatasi aende jengo la pili. Nikamuuliza, baba, ile karatasi uliipeleka? Akaniambia, "Sista, nilifika, wakaniuliza mbele ya watu natumia dawa gani nyingine, nikaona bora nirudi nyumbani."

Hapo ndo matatizo yote yamekaa pamoja, dawa haipo, karatasi inakupeleka kwingine, na huko kwingine unatakiwa ujieleze upya kwa mtu asiyekujua.

Kabla sijaendelea niseme kwa nini jambo hili limekuwa kubwa sasa. Kufikia mwisho wa 2024 watu kama milioni 31.6 duniani walikuwa wanatumia ARV, na wengi wao wanazeeka nazo, jambo ambalo ni la kushukuru. Lakini ukizeeka presha na sukari vinakuja kama kwa mtu yeyote, na juu ya hapo VVU vyenyewe hata vikiwa vimefubazwa vinaacha mwili kwenye hali ya uvimbe wa chinichini unaochosha mishipa ya damu, hatari ya ugonjwa wa moyo inakaribia mara mbili ya mtu asiye na VVU. Ongeza uzito. DTG, yaani dolutegraviri ile iliyomo kwenye kidonge kimoja cha siku, ni dawa nzuri mno na simwambii mtu aiache, ila wengi, hasa kina mama, wanaongezeka uzito wakiitumia, utafiti wa ADVANCE wa Afrika Kusini ulilionyesha hilo tangu 2019. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa 2021 likaandika kwamba huduma za presha na sukari zinaweza kuunganishwa na huduma za VVU. Kuunganishwa vipi, hapo ndo kila kituo kina tafsiri yake.

Kliniki mbili, kadi mbili

Huu ndo mpangilio wa zamani na bado upo sehemu nyingi. ARV huku, presha kule, mafaili mawili, tarehe mbili, na hawa na wale hawaongei.

Mama mmoja alinitolea kadi zake kwenye mfuko wa plastiki akaziweka mezani moja juu ya nyingine. ARV anapewa za miezi sita kwa sababu virusi vyake vimetulia, yaani anakuja mara mbili tu kwa mwaka. Presha anapewa za mwezi mmoja mmoja. Tukahesabu pamoja, mbili na kumi na mbili, safari kumi na nne kwa mwaka, kumi na mbili kati yake ni za kidonge ambacho ni rahisi kutunza, hakihitaji friji wala chochote. Akaniambia mwezi akikosa nauli anachoacha ni presha, ARV haachi. Na kweli ARV hakuacha hata siku moja, alikuja kupata kiharusi upande wa kulia virusi vikiwa havionekani.

Kinachonisumbua zaidi kwenye kliniki mbili ni dawa kugombana bila mtu kujua. Wengi wakifika kliniki ya sukari hawasemi kama wanatumia ARV, na siwalaumu hata kidogo, lakini ona kinachotokea. DTG inafanya metfomini, kidonge cha sukari, ikae kwa wingi zaidi kwenye damu, ndo maana mtu aliye kwenye DTG anashauriwa metfomini yake isizidi miligramu 1,000 kwa siku, na daktari asiyejua anaweza kuandika mara mbili ya hapo kwa nia njema kabisa kwa vile sukari haijashuka. Wale walio kwenye dawa za mstari wa pili, yaani ARV anazobadilishiwa mtu zile za kwanza zikishindwa, zenye ritonaviri ndani yake, wakipewa simvastatini ya kushusha mafuta ni hatari, hizo mbili hazikai pamoja kabisa, na amlodipini ya presha inaweza kuzidi nguvu, miguu ikavimba au presha ikashuka mno. Vidonge vya madini ya chuma, vya kalsiamu na vya kiungulia navyo, ukivimeza pamoja na DTG vinaizuia isiingie mwilini vizuri, inabidi DTG imezwe saa mbili kabla au saa sita baada ya hivyo. Alafu figo. Tenofoviri, ambayo nayo ni ARV, inataka figo ziangaliwe, presha inaharibu figo, sukari inaharibu figo, na dawa za maumivu kama diklofenaki ambazo watu wanameza kama peremende nazo zinaharibu figo, sasa nani anayeyaona haya yote kwa pamoja kama mafaili ni mawili na hayajawahi kukutana?

Ila nisiwe mchoyo, kliniki mbili zina mahali pake. Mtu anayejichoma insulini na sukari yake inapanda na kushuka ovyo, mwenye kidonda cha mguu kisichopona, mwenye macho yanayoanza kufifia, figo zilizokwisha kuchoka, mjamzito mwenye sukari, moyo uliotanuka, hawa wanahitaji bingwa na vifaa vyake, sio nesi wa kliniki ya ARV aliyepata mafunzo ya siku tatu. Hapo nenda kwa bingwa, na mwambie dawa zako zote. Kama mdomo hautoki, mpe karatasi yenye majina ya dawa ayasome mwenyewe, hilo nimewafundisha wengi na limewasaidia.

Kila kitu ndani ya kliniki ya ARV

Wagonjwa wengi ukiwauliza wangependa huu, na naelewa kabisa. Pale wanakujua kwa jina, walishakuona ukiwa mgonjwa sana na wakakuona umenyanyuka, na usipotokea tarehe yako kuna mtu anakupigia simu, kitu ambacho mgonjwa wa presha wa kawaida hajawahi kukiona maishani mwake. Kliniki za ARV zimejenga kwa miaka mingi utaratibu ambao magonjwa mengine sugu hayana, mafaili yanayofuatiliwa, waelimishaji rika, vikundi vya kuchukuliana dawa, dawa za miezi mingi, kipimo cha virusi cha kila mwaka. Kuibebesha presha juu ya mfumo huo ni rahisi kuliko kuanza upya. Nesi anaweza kuanzisha na kuongeza dozi ya presha kwa kufuata mwongozo wa ukurasa mmoja, hivyo ndivyo mpango wa HEARTS wa Shirika la Afya Duniani unavyofanya kazi, hakuna haja ya kumsubiri daktari bingwa kwa kila 150/95.

Na upimaji unaweza kuwa wa uhakika kama watu watauchukulia kwa uzito, maana kwenye msongamano nimeona presha inapimwa mtu amesimama, amevaa sweta, anaongea, katoka kukimbilia namba. Hiyo namba ni ya bure. Mkalishe dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haijakunjwa juu ya mwenzake, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo, asiongee, awe ameenda chooni, pima mara mbili. Ukikuta 140/90 au zaidi siku mbili tofauti, hapo unaongea naye kuhusu dawa. Kliniki isiyoweza kumpa mgonjwa kiti na dakika tano haijawa tayari kutibu presha hata iwe na mashine kumi.

Udhaifu wake sasa. Kwanza watumishi ni walewale. Nesi aliyekuwa anaona watu sitini kwa siku sasa anatakiwa aone sitini, awapime presha, sukari, uzito, aongee nao kuhusu chumvi na kutembea, na aandike kwenye daftari la ziada, na kama hakuongezewa mtu basi kinachokufa ni maongezi, watu wanapitishwa kama mzigo. Pili ni dawa, narudia hili kwa sababu ndo roho ya jambo lenyewe: ARV mara nyingi zina fungu lake la fedha, zina mtu wa kuziagiza na mtu wa kuulizwa zikiisha. Dawa ya presha haina mwenyewe. Inakuja pakiti kadhaa, inaisha wiki mbili, mgonjwa anaandikiwa akanunue. Mtu anayepewa ARV bure na kuambiwa presha akanunue, akifika nyumbani anajua kipi cha lazima na kipi cha hiari, umeshamfundisha bila kusema neno.

Tatu, na hili watu wa kliniki za ARV hatupendi kulisikia. Mume ana VVU na presha, anapata dawa zote na simu ya kumkumbusha. Mkewe hana VVU, ana presha kubwa kuliko yake, yeye anapanga foleni peke yake jengo la pili na dawa hakuna. Wanalala kitanda kimoja. Nimeulizwa na mama mmoja kwa sauti ya kawaida tu, "Kwa hiyo ningekuwa nao ndo ningetibiwa?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kliniki moja ya wagonjwa wote wa muda mrefu

Hapa VVU, presha na sukari vinakaa chini ya dari moja, mapokezi mamoja, benchi moja, daktari mmoja, dirisha moja la dawa. Ukikaa pale hakuna anayejua umefuata nini.

Hofu kubwa ya wataalamu ilikuwa kwamba ukichanganya hivi matibabu ya VVU yataharibika, kazi ya miaka yote ipotee. Utafiti wa INTE-AFRICA uliofanyika Tanzania na Uganda ulilijaribu jambo hili kwenye vituo 32 vyenye washiriki zaidi ya 7,000, vituo vingine vikachanganya na vingine vikaendelea kutenganisha, matokeo yakachapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2023. Kwa wenye VVU, waliokuwa na virusi vilivyofubaa walikuwa kama asilimia 97 pande zote mbili. Wenye presha na sukari nao kubaki kwenye matibabu hakukuwa na tofauti ya maana kati ya pande hizo. Kuna watu wanalisoma hilo wanasema basi haina faida, mbona sawa tu. Mi nalisoma tofauti: umeunganisha wafanyakazi, chumba na dirisha, umeondoa lebo mlangoni, na hakuna aliyepoteza kitu. Hiyo sio ndogo.

Unyanyapaa unabadilika sura hapa. Mwanzoni kelele zinatoka pande mbili, wenye VVU wanaogopa kuonekana na jirani, na wasio na VVU wanaogopa kuhesabiwa kuwa nao. Nilivyoona mimi, baada ya miezi michache benchi linatulia, maana kila mtu ana sababu ya kuwa pale na wazee wa presha ni wengi. Lakini vitu vidogo vinaweza kubomoa yote. Kadi za rangi tofauti. Faili la VVU lenye alama juu. Mtu wa famasi anayeita kwa sauti "wa ARV wapite huku". Nilishuhudia siku ambayo hilo neno lilitamkwa dirishani, watu wanne wakabaki wamekaa wanajifanya hawakusikia mpaka foleni yote ikaisha. Kwa hiyo kabla hujahamia kliniki ya aina hii kaa benchi saa moja usikilize wanavyoita watu, utajua kila kitu unachotaka kujua.

Ubaya mwingine ni foleni ndefu, na ule ukaribu unapungua, yule nesi wako wa miaka yote huenda usimkute. Kwa mtu ambaye ndo kwanza kapata majibu, bado analia usiku, benchi la watu wote linaweza kumzidi, yeye nadhani aanzie kwenye kliniki ndogo yenye mshauri nasaha, aje huku akishatulia.

Jambo la fedha nalo liangaliwe. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kliniki nyingi za ARV zilizokuwa zimesimama juu ya fungu moja zilitikisika, watumishi wakaambiwa ghafla tu wasije kazini. Kliniki iliyo ndani ya mfumo wa kawaida wa kituo, yenye watumishi wa kituo na famasi ya kituo, inatikisika lakini haifungi mlango.

Sasa we ushike ipi

Kama presha yako ndo imeanza, au sukari ni ya vidonge tu, virusi vimetulia na kliniki yako ya ARV ina dawa za presha kabatini kwa uhakika, baki hapo, wala usihangaike. Waombe wakuwekee tarehe moja, na presha ikishakaa chini ya 140/90 kwa ziara kadhaa waulize kama wanaweza kukupa za miezi mitatu au sita sambamba na ARV, wengi hawafanyi hivyo kwa mazoea tu.

Kama kliniki yako inapima na kuandika karatasi tu, na karibu kuna kliniki ya pamoja yenye dawa, hamia. Nalisema hili nikijua linauma kuacha watu waliokuokoa.

Na kama uko kwenye insulini au umeshapata kiharusi, moyo, figo, baki na kliniki mbili lakini zikutanishe kwa nguvu: karatasi moja yenye dawa zako zote na dozi zake, iwe kwenye simu pia, kila anayekuandikia kitu aione kwanza. Muulize kila mmoja swali moja tu, hii inagombana na yoyote kati ya hizi?

Kwa kina mama kuna kingine cha kuulizia popote mtakapochagua. Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi kama mara sita ya asiye na VVU, na kipimo kinatakiwa kuanza miaka 25 na kurudiwa kila miaka mitatu hadi mitano. Kliniki inayokupima presha kila ziara na haijawahi kukugusia hili imesahau jambo kubwa. Na walio kati ya miaka 40 na 75 waulizie kuhusu dawa za kulinda moyo za kundi la statini, kwa sababu utafiti wa REPRIEVE wa 2023 uliohusisha watu 7,769 wenye VVU kwenye nchi 12 ulionyesha pitavastatini ikipunguza mashambulio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35 hivi. Sio kila kituo kinayo, lakini statini ipi inafaa na ARV zako ni swali la haki kabisa kumuuliza daktari.

Wasimamizi wa vituo, kama mnafikiria kuunganisha, anzeni na dawa, sio na mafunzo wala daftari jipya. Hesabuni wangapi wana presha kati ya wagonjwa wenu, agizeni vidonge vya miezi sita kwa hesabu hiyo, mpeni mtu mmoja jukumu la kuulizwa vikiisha kama anavyoulizwa wa ARV. Mkiwa hamna uwezo huo bado, msifungue chumba cha pamoja ili mpige picha, mtawapoteza watu mara moja na hawarudi.

Na kwa unayehama, usirudishe kadi ya kliniki ya zamani mpaka uwe umeshika mkononi dawa za kwanza za kliniki mpya, ARV na presha zote mbili, na faili lako limefika. Mara nyingi linachelewa. Omba nakala ya ukurasa wenye tarehe ulizoanza dawa, dawa ulizowahi kubadilishiwa na sababu yake, kipimo cha mwisho cha virusi na cha figo. Piga picha ukurasa huo ukiwa bado umekaa pale pale mezani kwa nesi wako.